Friji Mbovu, Hela Imerudi: Wewe Unayeishi India Acha Kupiga Simu, Andika

Hela ya friji imerudi. Imerudi yote, na juu yake wamenilipa na ile ya fundi wa nje niliyemuita mwenyewe. Niliandika hivyo tu kwenye status Ijumaa usiku, kufika asubuhi meseji hazihesabiki, Watanzania wa Pune, Wakenya wa Bangalore, mdogo wetu mmoja wa Uganda anayesoma Hyderabad, wote swali moja, dada umefanyaje, maana huku tumeshazoea kwamba kitu kikiharibika baada ya kununua ni hasara yako, unanyamaza unanunua kingine. Kwahiyo nawajibu wote hapa mara moja, na nitaandika kwa urefu kwa sababu jambo hili limeniuma sana kabla halijanifurahisha, na najua kila aliyekuja huku kusoma, kuuguza mgonjwa au kutafuta maisha lazima kuna mahali wamemfanyia hivi, kama siyo friji ni simu, kama siyo simu ni depoziti ya nyumba.

Mimi naishi Kondhwa, Pune, wanaoujua mji wanajua upande huo tuko Waafrika wengi. Friji nilinunua kwenye apu moja kubwa ya manunuzi wakati wa ofa, friji mpya ya kampuni yenye jina, warranti mwaka mzima, elfu 24 ya rupia, na kwa mwanafunzi mwenye familia hiyo siyo hela ya kuchezea. Niliinunua maalum kwa sababu mama alikuwa anakuja kutibiwa macho. Mama ana sukari miaka mingi, anachoma insulini, na insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 mpaka 8. Pune mwezi wa nne na wa tano joto linagonga mpaka 40, usiku feni inazungusha hewa ya moto tu. Kwahiyo friji nyumbani kwangu ilikuwa ni dawa.

Mama nilimpokea Mumbai tukapanda treni kuja Pune, insulini iko kwenye kibegi cha barafu mapajani kwake hataki mtu akishike. Hiyo safari naipenda, kila nikiipita naipenda tena. Treni ikifika Karjat inasimama wanaongeza injini za kusukuma kutoka nyuma, kwa sababu mbele kuna mlima wa Bhor Ghat na injini ya mbele peke yake haitoshi, na wakati zile injini zinafungwa ndiyo watu wanashuka mbio kununua vada pav, kiazi kilichopondwa kikatiwa pilipili na bizari kikakaangwa kwenye unga wa dengu, kinawekwa ndani ya mkate na pilipili kavu ya vitunguu saumu. Mama alikula viwili. Alipomaliza akataka maji.

Sasa mama ana duka Tanga, amekaa kaunta tangu mimi niko shule ya msingi, bei haimpiti. Kijana muuza maji kapita, kasema 20. Mama kageuza chupa, kaona pameandikwa rupia 14, kaniuliza hii namba hapa ni ya nini. Nikamwambia mama, huku kila kitu kilichofungwa kiwandani lazima kiandikwe bei ya juu kabisa, kodi ikiwa ndani, wanaita MRP, na kuuza juu ya hapo ni kosa kisheria. Maji ya reli yanaitwa Rail Neer, lita moja miaka mingi ilikuwa 15, Septemba 2025 ikashushwa kuwa 14. Mama akamwangalia yule kijana akamwambia kwa Kiswahili kabisa, mwanangu, mbona umeandika 14 unaniambia 20? Kijana hajui neno hata moja lakini kidole cha mama kilikuwa juu ya ile namba. Nikaongezea mimi, bhaiya, yaani kaka, nipige 139? Hiyo ndiyo namba ya malalamiko ya reli, na pia kuna apu yao ya RailMadad. Akachukua 14 akaenda zake, hakuna aliyepandisha sauti.

Nawaeleza hiyo ya maji kwa sababu yote niliyoyafanya kwenye friji ni yale yale. Kilichoandikwa kinakusaidia. Usipokisoma hakikusaidii.

Friji ikafa mama akiwa hajamaliza hata wiki mbili. Tuliamka maji yamejaa sakafuni, samaki wameyeyuka, taa ya ndani inawaka lakini baridi hakuna. Nikapiga simu kwenye apu, wakaniambia muda wa kurudisha bidhaa umepita, madam, wasiliana na kampuni iliyotengeneza. Nikapiga kampuni, wakasema kwa kuwa ulinunua mtandaoni, madam, anza na muuzaji. Nikarudi kwa muuzaji. Walinirusha kama mpira hivyo siku nenda siku rudi, kila simu unaanza kujieleza upya, jina, namba ya oda, tatizo ni nini, subiri muziki, kisha inakatika. Baadaye kampuni ikatoa namba ya malalamiko na fundi akaja. Alikaa dakika chache, kashika nyuma ya friji, kasema kompresa, spea itakuja, kal pakka, yaani kesho kwa uhakika. Halafu akaniomba zile namba za OTP zilizoingia kwenye simu yangu. Nikamuuliza za nini, akasema ni utaratibu tu. Nikaisoma ile meseji, namba zilikuwa za kuthibitisha kwamba kazi imekamilika na mteja ameridhika! Friji imekufa, sakafu imelowa, na mimi nithibitishe nimeridhika. Nikakataa. Akaondoka, na jioni ikaingia meseji kwamba malalamiko yangu yamefungwa kwa sababu mteja hakupatikana nyumbani.

Mteja hakupatikana nyumbani, na alikunywa maji yangu.

Lakini hata hiyo siyo iliyoniuma zaidi. Nilipopiga tena, nikapata binti mmoja wa kastama kea, sauti nzuri, Kiingereza kizuri, nikamweleza habari ya mama na insulini, akaniuliza, madam wewe ni raia wa nje? Nikasema ndiyo. Akasema, basi si utaondoka India hivi karibuni? Hakuitukana nchi yangu wala rangi yangu, ameuliza kwa upole kabisa, na ndiyo maana mpaka leo nikikumbuka kifua kinabana. Alikuwa ananiambia kwamba wao wana muda na mimi sina, wakinyamaza nitachoka nitapanda ndege. Na wengi wetu ndivyo tunavyofanya, jamani. Wanatujua.

Aliyenifungua macho ni jirani wa chini, Kaku, ndivyo watoto wote wa jengo letu wanavyomwita, mama mtu mzima amestaafu benki. Nyumba yake hailiwi nyama wala yai, hata kitunguu siku nyingine hakiingii, na mimi nilijua hilo nikawa naona aibu kupeleka kitu cha hospitali kwenye friji yake. Alikuja mwenyewe. Alichukua insulini akaiweka ndani ya kopo la chuma, akalifunga, akalitengea rafu yake peke yake, na kila asubuhi na jioni mjukuu wake alikuwa anapanda ngazi kumletea mama dawa. Sitamsahau mpaka kaburini. Halafu akaniuliza, umewaandikia? Nikamwambia nimepiga simu sana. Akasema simu hewa, simu haina ushahidi, andika, weka tarehe, weka sheria, omba kitu kimoja, wape muda. Akachukua karatasi akaanza kunipangia.

Sasa hapa wadogo zangu shikeni vizuri. India ina sheria ya kumlinda mteja, ya mwanzo ni ya 1986, ilisainiwa tarehe 24 Desemba ndiyo maana siku hiyo wanaiadhimisha kila mwaka kama siku ya mteja, na iliyopo sasa ni ya 2019, ilianza kazi Julai 2020. Hiyo sheria haisemi raia wa India, inasema mtu aliyenunua. Inasema kwamba muuzaji akikataa kuchukua tena bidhaa mbovu na kurudisha hela ndani ya muda ulioandikwa kwenye risiti, na kama haukuandikwa basi siku 30, hiyo ni biashara isiyo ya haki. Sisi tumekulia kwenye risiti za Kariakoo zilizogongwa muhuri mali ikishauzwa hairudishwi, tukifika huku tukiona mtu kaandika no refund tunainamisha kichwa. Kwa kitu kibovu ule muhuri haumlindi.

Na kwa mauzo ya mtandaoni kuna kanuni zake za 2020. Kila apu lazima iweke hadharani jina na mawasiliano ya ofisa wa malalamiko, na huyo ofisa lazima akiri kupokea lalamiko lako ndani ya saa 48 na alimalize ndani ya mwezi mmoja. Mimi nilikuwa nagombana na kastama kea wakati kuna mtu analipwa mshahara kwa ajili yangu na jina lake liko kule chini kabisa ya ukurasa kwa maandishi madogo.

Nikaandika. Ukurasa mmoja. Nimenunua tarehe fulani, oda namba fulani, bei hii, imeharibika tarehe hii, malalamiko namba hizi, fundi amekuja tarehe hii amesema kompresa, lalamiko limefungwa kwa maelezo ambayo siyo kweli na hii hapa skrinishoti ya ile meseji na hii picha ya fundi akiwa jikoni kwangu, maana nilipiga. Nikamlipa fundi wa mtaani anipe kwa maandishi kwamba kompresa imekufa. Nataka hela yangu yote, siyo matengenezo, siyo vocha, ndani ya siku 15, la sivyo nakwenda kwenye tume ya wateja ya wilaya, ile inayosikiliza kesi za wateja. Sikuweka habari ya uchungu wangu. Habari ya insulini niliiweka sentensi moja tu, kwa sababu ni hasara, siyo kwa sababu ya huruma.

Wakajibu ndani ya zile saa 48 kweli, wakanipa vocha. Nikaandika tena, hapana, nimeomba hela. Wakanyamaza. Nikapiga 1915, hiyo ni namba ya taifa ya wateja iko chini ya wizara, bure, wanapokea kwa lugha 17, nikaongea Kiingereza changu cha Tanga wakaandika wakanipa namba. 1915 siyo mahakama, wao wanalisukuma lalamiko lako kwa kampuni, lakini kampuni zikiona limetoka huko zinakaa vizuri. Halafu nikaanza kujaza shauri kwenye E-Jagriti, tovuti ya tume za wateja, nikawatumia kampuni nakala ya nilichojaza kabla sijabonyeza kutuma. Hapo katikati kuna wiki za kusubiri sitawachosha nazo. Simu ikapigwa na mtu ambaye cheo chake ni kirefu kuliko cha yule binti, sauti ya adabu sana, madam tumeangalia suala lako upya. Nikamwambia asante, niandikie kwenye barua pepe. Akaandika. Wakaja kubeba friji yao, na hela ikaingia.

Najivunia, sifichi. Mama aliniambia, umefanya kazi ya kiume, nikamwambia mama hii ni kazi ya mtu aliyetunza risiti.

Kama kampuni ingekaza ningeenda tume, na nataka mjue kwamba inawezekana, msiogope jina la tume. Unafungua pale unapoishi wewe, siyo pale kampuni ilipo. Bidhaa ya mpaka laki 5 hulipi ada yoyote. Wakili siyo lazima. Muda wa kufungua ni miaka 2 tangu tatizo litokee. Chandigarh mwaka 2019 mteja alikwenda kwenye jukwaa la wateja, ndivyo tume ilivyoitwa wakati huo, kwa sababu duka la Bata lilimtoza rupia 3 za mfuko wa karatasi, akashinda, wakaamriwa kumlipa maelfu. Na kuna wakili mmoja wa Mathura ambaye mwaka 1999 alikata tiketi mbili za treni, kila moja 35, karani akamkata 90 badala ya 70. Rupia 20! Amekwenda kwenye kesi zaidi ya mara 100, na Agosti 2022 akashinda, reli ikaamriwa kumrudishia ile 20 na riba ya asilimia 12 kwa mwaka, na 15,000 juu. Watu walimuuliza wewe una akili kweli, miaka 22 kwa ajili ya 20. Mimi namuelewa kabisa. Kama amekwenda miaka 22 kwa 20, wewe unaachaje simu ya elfu 30 kwa sababu unaona aibu kuandika barua pepe?

Hii aibu yetu ndiyo inanikera. Waswahili tunapenda kusema sitaki makuu, niko ugenini, nina viza, nisije nikaleta shida. Viza yako haihusiani na friji. Hakuna anayekufukuza nchini kwa kudai kompresa. Ukidai kwa kupiga kelele dukani hapo ndiyo utaleta shida, watu watakusanyika, simu zitatolewa, kesho uko kwenye video na maelezo ambayo siyo yako. Ukidai kwa maandishi uko kitandani kwako na chai yako. Andika. Nimesema andika, na nitarudia tena.

Mambo madogo madogo ya kila siku nayo ni hivyo hivyo, soma kilichoandikwa. Duka la dawa, duka la mtaani, soda, biskuti, angalia MRP, unaruhusiwa kuuziwa chini yake siyo juu yake. Isipokuwa hotelini na mgahawani ukikaa ukahudumiwa, hapo wanaweza kuzidisha, Mahakama ya Juu ilikubali mwaka 2017, kwahiyo usiende kugombana na mhudumu wa watu. Lakini mgahawani angalia kama kuna service charge imeongezwa chini ya bili, hiyo siyo kodi, mamlaka ya wateja ilikataza mwaka 2022 kuiweka yenyewe bila ridhaa yako na mahakama kuu ya Delhi ikaunga mkono Machi 2025. Unawaambia kwa adabu iondoeni, wanaiondoa. Chenji wakikupa peremende badala ya rupia 2, irudishe, sema nataka rupia 2. Bajaji za Pune zina mita, sema mita kabla hujakaa, ukishakaa na mabegi umechelewa.

Tiketi za treni hapa wengi mnalia na mna haki ya kulia. Zile za tatkal, za siku moja kabla, zinafunguliwa saa nne asubuhi kwa mabehewa ya AC na saa tano kwa yasiyo na AC, zinaisha unaziangalia, na tangu Julai 2025 huwezi kuzikata mtandaoni bila Aadhaar iliyothibitishwa, yaani ile namba ya utambulisho ya wakazi wa India. Lakini mgeni aliyekaa India siku 182 na zaidi ndani ya mwaka anaruhusiwa kuomba Aadhaar, na wanafunzi wengi mmeshapita hapo, mnasema tu sisi wageni hatuna. Nendeni mkaombe. Na kama safari mnaijua mapema, za kawaida zinafunguliwa siku 60 kabla. Ukiwa na tiketi ya mtandaoni ya kusubiri nafasi ambayo haikupata siti mpaka orodha ya abiria inatoka, hela inarudi yenyewe, usikubali mtu stesheni akuambie umpe kidogo akuingizie jina.

Nimalizie depoziti za nyumba maana nusu ya meseji ni hizo. Maharashtra, jimbo letu la huku Pune, tunaandikiana mkataba wa miezi 11, na kwa sheria ya kodi ya nyumba ya 1999 huo mkataba lazima uwe kwa maandishi na usajiliwe, na jukumu la kusajili ni la mwenye nyumba, siyo lako. Asipousajili, mkigombana, maelezo yako wewe mpangaji kuhusu masharti ndiyo yanayochukuliwa kuwa kweli mpaka yeye athibitishe vingine. Someni hiyo sentensi mara mbili. Mwenye nyumba anayekuambia hatuna haja ya kusajili, tunaaminiana, anajidhuru mwenyewe, na pia huyo huyo anatakiwa awasilishe serikalini ndani ya saa 24 taarifa kwamba amempokea mgeni, wengi wameizoea kwa jina la Form C, kwahiyo hana pa kusema hakujui. Siku ya kuingia piga video kila ukuta, kila bomba, umtumie kwa meseji siku ile ile ili tarehe ionekane. Siku ya kutoka piga tena. Akikata hela ya rangi, muulize kwa maandishi, rangi ya ukuta upi, risiti ya fundi iko wapi, na umpe siku 15.

Barua yangu ya friji ninayo, ile ya ukurasa mmoja. Anayeitaka aniandikie inbox nimtumie, abadilishe majina, tarehe na bei. Msiniombe niwapigie simu hao watu kwa niaba yenu, sipigi.